Kuzeeka Chini ya Paa Moja

Hapa Durban, wengi tuliotoka Kongo, Burundi na Tanzania tumefikia uzee ambao hatukuupangia ugenini. Watoto wamehamia Johannesburg au Kanada, na kodi ya nyumba haishuki. Mimi na wenzangu watatu, sote tumevuka miaka 60, tunapanga nyumba moja karibu na Albert Park, na huu ni mwaka wa nne. Watu hutuuliza tuliipataje. Kupata nyumba ni rahisi kuliko kuwa mtu wa kukaa naye.

La kwanza ni uwazi wa pesa. Afrika Kusini hutoa pensheni ya wazee wenye kipato kidogo kuanzia miaka 60, hata kwa mkimbizi aliyetambuliwa. Anayesubiri bado jibu la maombi yake haipati. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na mwenye pensheni na asiyekuwa nayo. Sisi tuna daftari moja mezani: kodi, umeme, unga, mafuta. Aliyepungukiwa husema kabla ya tarehe ya kodi, naye haonewi haya.

La pili ni kusema mapema. Sufuria isiyooshwa ni jambo la dakika moja leo. Ikinyamaziwa miezi mitatu inakuwa ugomvi wa heshima.

La tatu ndilo gumu kwetu tuliolea wengine: kukubali kuhudumiwa. Kila mmoja anajua dawa ya presha ya mwenzake iko wapi, na mtoto gani apigiwe simu usiku. Anayeficha ugonjwa anawaweka wote hatarini.

Mji huu umewahi kuona mshikamano wa namna hii. Kuanzia 1873, watumwa waliokombolewa, wengi wao Wamakua, waliletwa Durban kutoka Zanzibar. Walikaa pamoja Kings Rest, kule Bluff. Serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth miaka ya 1960, waliendelea kuwa jumuiya moja, na hadi leo wanaitwa Wazanzibari.

Basi, ndugu msomaji, kama wewe na shoga yako mnafikiria jambo hili, msianze na mkataba. Kaeni pamoja mwezi mmoja, mkipika na kuhesabu pesa pamoja. Mkiweza kuambiana ukweli na bado mkala sahani moja, tafuteni nyumba.