Akiba Haiozi: Kugandisha Maembe kwa Matumizi ya Kiangazi

Mwezi Desemba, msafiri apitaye njia ya Kidatu, Mang'ula hadi Ifakara hukuta maembe yamepangwa kwa mafungu na kwa ndoo kandokando ya barabara. Dodo, bolibo, sindano na yale ya kienyeji yenye nyuzi huiva takribani wakati mmoja, kati ya Novemba na Januari. Bei huanguka, kwa kuwa kila nyumba yenye mwembe ina kile kile alicho nacho jirani. Yasiyonunuliwa huliwa mpaka watu wakinai, na yaliyobaki huozea chini ya miembe. Ifikapo Julai na Agosti, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa, miembe hiyo hiyo haina tunda hata moja, na mtoto aliyekataa embe la kumi mwezi Desemba hulitafuta asilipate.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini embe ni akiba iozayo, na mwenye kutaka kuiweka hana budi kujua namna. Kadiri umeme unavyozidi kuenea katika miji na vijiji vya Bonde la Kilombero, ndivyo familia zenye friji au friza zinavyoongezeka, na ndivyo wanachama wanavyozidi kuuliza kama chama nacho kinunue friza kwa ajili ya matunda. Makala haya yaeleza kazi ya baridi, namna ya kugandisha maembe nyumbani, na hesabu ambayo kamati inapaswa kuifanya kabla ya kutoa fedha za wanachama.

KWA NINI EMBE HUOZA

Embe lililochumwa bado li hai. Hupumua, hutoa joto, na vimeng'enya vilivyomo ndani yake huendelea kugeuza wanga kuwa sukari na kulainisha nyama yake. Huko ndiko kuiva. Kazi hiyo isipozuiliwa huwa pia mwanzo wa kuoza, kwa sababu tunda laini lenye sukari, ambalo zaidi ya sehemu 80 katika kila 100 za nyama yake ni maji, ni shamba jema la ukungu, hamira na bakteria. Joto la Ifakara katika miezi hiyo, pamoja na unyevu wa mvua, huharakisha mambo yote mawili.

Kuna na adui wa tatu. Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kisha kuenea upesi katika Afrika Mashariki, hutaga mayai chini ya ganda la embe likiwa bado mtini. Kwa nje tunda huonekana zima, na ndani limekwisha kuwa na funza. Maembe yaliyoanguka na kuachwa chini ndiyo yanayolea kizazi kipya cha nzi hao, hivyo yafaa yafukiwe katika shimo lenye kina badala ya kuachwa yajiozee.

KAZI YA BARIDI

Friza iliyo katika hali nzuri hutunza vitu katika baridi ya nyuzi 18 za Sentigredi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo maji ya embe hugeuka barafu, na vimelea vya kuozesha hukosa maji ya kutumia. Vimeng'enya navyo hupunguza kazi yake sana, ingawa haviachi kabisa. Ndiyo maana hata embe lililogandishwa vema hupoteza rangi na harufu yake polepole, na yafaa litumike kabla ya mwaka kwisha.

Ikumbukwe kuwa baridi haiui vimelea vyote, huvisimamisha tu. Embe lililooshwa kwa maji machafu litatoka katika friza na uchafu wake, na barafu iliyotengenezwa kwa maji yasiyochemshwa yaweza kumfikishia mlaji kipindupindu. Baridi haiongezi uzuri wa tunda; hulitunza kama lilivyoingia.

Jambo la pili ni kasi. Maji yakigandishwa polepole hufanya chembe kubwa za barafu zenye ncha, nazo hupasua nyama ya tunda. Yakigandishwa upesi chembe huwa ndogo, na madhara huwa madogo. Mmarekani Clarence Birdseye aliishi Labrador, ambayo leo ni sehemu ya Kanada, katika miaka iliyofuata 1912. Huko aliona wenyeji wakigandisha samaki papo hapo katika upepo wa baridi kali, na samaki hao walipopikwa miezi mingi baadaye walikuwa karibu sawa na wabichi. Katika miaka ya 1920 alitengeneza mitambo ya kugandisha vyakula upesi, na biashara kubwa ya vyakula vya kugandishwa ilianzia hapo. Friza ya nyumbani haina nguvu ya mitambo hiyo. Kwa hiyo embe lililotoka humo hulegea likiyeyuka, na hufaa zaidi kwa juisi, kwa uji wa watoto na kwa barafu za kulamba kuliko kuliwa kama tunda bichi.

NAMNA YA KUANDAA NYUMBANI

Kwanza, yachaguliwe maembe yaliyoiva vizuri, yangali magumu kidogo yakibonyezwa, yasiyo na mchubuko wala alama za nzi. Yenye funza yatupwe. Embe lililoanza kuchacha lisitiwe kwa matumaini kuwa baridi italiponya.

Pili, yaoshwe yangali na maganda kwa maji safi, na mikono, kisu na ubao vioshwe kwa sabuni. Kisha yamenywe, yakatwe vipande vya ukubwa mmoja, na kokwa zitolewe. Maembe yenye nyuzi nyingi ni bora yasagwe au yapondwe, kisha yachujwe yawe rojo.

Tatu, yanyunyiziwe maji ya ndimu au limau ili yasigeuke rangi. Apendaye aweza kuchanganya sukari kidogo, nayo husaidia kutunza harufu na ugumu wa vipande. Lakini si lazima.

Nne, vipande vitandazwe juu ya sinia bila kugusana, na sinia liingizwe katika friza hadi vigande. Baada ya hapo vitiwe katika makopo. Vikigandishwa namna hii havishikamani, na mama wa nyumba aweza kuchota vya siku moja bila kuyeyusha kopo zima. Rojo hutiwa moja kwa moja katika kopo, na nafasi ya upana wa kidole kimoja huachwa juu yake, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika kila 100. Chupa ya kioo iliyojazwa mpaka mdomoni itapasuka.

Tano, vitumike vyombo vya chakula vyenye mifuniko inayobana, kwani hewa ya friza hukausha tunda lililo wazi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Makopo ni bora pia kwa sababu hutumika mwaka hata mwaka. Kila kopo liandikwe tarehe, na la zamani litolewe kwanza.

Wenye friji ya kawaida yenye kisanduku cha barafu watazame alama za nyota zilizopo. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, na chakula hukaa wiki moja tu. Nyota mbili ni nyuzi 12, kwa mwezi mmoja hivi. Nyota tatu ni nyuzi 18, na hapo ndipo embe la Desemba laweza kungojea Julai. Wengi waliosema kugandisha hakufai walitumia kisanduku cha nyota moja.

UMEME UKIKATIKA

Bonde hili ni jirani wa mitambo mikubwa ya umeme wa maji. Kidatu ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na Kihansi, yenye megawati 180, ilizinduliwa mwaka 2000. Hata hivyo ujirani huo haumzuii mtu kukatikiwa na umeme mvua za radi zinaponyesha, na mvua hizo huja katika msimu ule ule wa maembe.

Friza iliyojaa na ambayo mlango wake haufunguliwi hutunza baridi yake kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Kwa hiyo friza isiyojaa yafaa ijazwe chupa za maji, nazo zikiganda husaidia kushika baridi. Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuacha kuifungua.

Mwenye kusafiri atajuaje kama friza iliyeyuka na kuganda tena asipokuwapo? Agandishe maji katika kikombe, aweke sarafu juu ya barafu, na kikombe kikae ndani ya friza. Akirudi na kuikuta sarafu juu, baridi haikukatika. Akiikuta imezama chini, yote yaliyomo yaliyeyuka. Sarafu hiyo ni mkaguzi asiyelala wala kupokea hongo.

Embe ambalo bado lina barafu ndani laweza kugandishwa tena, ingawa ubora wake hupungua. Lililoyeyuka lote lakini lingali baridi litumike siku hiyo hiyo. Linalonuka uchachu litupwe bila kubishana.

FRIZA YA CHAMA: HESABU KWANZA

Chama cha wanachama 60 chaweza kuvutiwa na wazo la kununua friza moja ya lita 200 ili kila mwanachama aweke maembe yake. Wazo ni jema, lakini lipimwe kwa hesabu.

Friza ya lita 200 hubeba kilo 100 hivi za matunda yaliyopangwa vizuri. Uwezo wake wa kugandisha vitu vipya ni mdogo zaidi: kilo 7 hadi 10 kwa siku. Ikizidishiwa, vitu vyote huganda polepole, na vilivyokwisha kuganda huanza kulegea. Sasa, iwapo kila mwanachama ataleta ndoo yenye kilo 10 za maembe, nyama itakayopatikana baada ya kumenya na kutoa kokwa ni kama kilo 6. Kwa wanachama 60 ni kilo 360. Friza haibebi hata theluthi moja yake, na kuijaza tu kutachukua siku zipatazo 12. Kila mwanachama angestahili kilo moja na nusu hivi. Watakaofika mapema wataridhika, watakaochelewa watanung'unika, na manung'uniko hayo yataletwa katika mkutano mkuu.

Kwa hiyo kamati ichague mojawapo. Ama chama kisiwe ghala la maembe ya kila nyumba, bali kifundishe na kuwasaidia wanachama wenye friza kugandisha kwao. Ama friza iwe ya biashara, kama vile rojo kwa wauza juisi au barafu za kulamba, ambapo mali huingia na kutoka kila siku na faida huwa ya chama chote. Kuchanganya mambo hayo mawili katika friza moja ni kukaribisha ugomvi.

Ikichaguliwa biashara, mkutano uyajibu maswali haya na majibu yaandikwe katika kumbukumbu: Nani atashika ufunguo? Hasara ya kuyeyuka italipwa na nani? Gharama ya umeme ni kiasi gani? Swali la mwisho halihitaji kukisiwa. Katibu asome salio la uniti katika LUKU asubuhi, asome tena asubuhi ya pili vifaa vingine vikiwa vimezimwa, na tofauti ndiyo matumizi ya friza kwa siku. Aizidishe kwa siku 30, kisha ailinganishe na mauzo yanayotazamiwa. Daftari liwe na tarehe ya kuingiza, uzito, tarehe ya kutoa, fedha iliyopokelewa na saini. Maji ya kutengenezea barafu yachemshwe bila kukosa, kwa sababu wanunuzi wengi ni watoto wa shule.

WANACHAMA WASIO NA UMEME

Kukausha ndiyo njia yao, lakini katika bonde hili ina tatizo lake: maembe huiva wakati wa mvua. Vipande vilivyoanikwa juu ya mkeka huota ukungu kabla ya kukauka, na jua kali la moja kwa moja nalo huharibu karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kaushio la sanduku lililofunikwa, lenye matundu ya hewa yaliyozibwa kwa wavu, hufaa zaidi. Vipande viwe vyembamba, na vitolewe vinapokunjika kama ngozi bila kutoa maji. Kilo 10 za nyama hutoa kilo 2 hivi za embe kavu. Maembe machanga yaangushwayo na upepo yasidharauliwe. Hayo hutiwa chumvi na pilipili yakawa achari.

Friza ni chombo kizuri kwa anayejua kiasi chake. Familia itakayogandisha kilo 8 kwa siku, kwa usafi, ikaandika tarehe na kuacha mlango ufungwe, itakunywa juisi ya embe mwezi Agosti. Chama kitakachonunua friza kabla ya kupiga hesabu kitapata friza tupu na mkutano mrefu. Maembe ya msimu ujao yatachanua katikati ya kiangazi. Huo ndio wakati wa kamati kuketi, si Desemba ndoo zikiwa mlangoni.