Gari la Viti Viwili la Kwendea Kazini: Kagua Chini Kabla ya Kusifu Rangi

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo yafaa kukumbukwa na kila mtumishi asimamaye mbele ya gari dogo la spoti, lenye viti viwili na paa la turubai, huku akiba yake ya miaka kadhaa imo mfukoni. Gari la namna hiyo huufurahisha moyo kabla akili haijaulizwa. Makala haya yana shabaha ya kuiuliza akili mapema.

Magari hayo huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Usukani wake uko kulia, kama barabara zetu za Uganda zinavyohitaji, na baadhi yake huuzwa kwa bei inayomtamanisha hata mtu wa mshahara wa kawaida. Je, gari hilo laweza kumfikisha mtu kazini kila siku, kiangazi na masika? Laweza, lakini kwa masharti.

Swali la kwanza ni la nyumbani

Tuseme askari mmoja anakaa Entebbe na kazi yake iko Kampala. Jioni moja anamwonyesha mkewe picha ya gari alilolipenda. Mama analitazama, kisha anasema: "Baba watoto, gari ni zuri. Lakini usiku mtoto akishikwa na homa, mimi nitakaa na nani ndani yake, na mwenzake nitamwachia nani?"

Mama hakusema hivyo ili kumvunja mtu moyo. Hilo ndilo swali la kwanza la ununuzi. Viti viwili maana yake ni dereva na abiria mmoja, basi. Kumpakata mtoto ni hatari, kwa maana katika mgongano hakuna mikono iwezayo kumzuia. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma nacho kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa wa usalama unaofanya kazi, kwani mfuko huo ukifumuka waweza kumwua. Kwa hiyo, ikiwa nyumba ina gari jingine, au ina njia ya hakika ya kuwapeleka watoto shule na hospitali, endelea kusoma. Ikiwa hili ndilo litakuwa gari la pekee la jamaa nzima, nunua gari la milango minne, na ndoto hii iahirishwe bila aibu.

Gari lipi katika mengi

Mfano unaofaa zaidi kwa mtu wa kazi ni Mazda MX-5, ambalo Japani huitwa Roadster. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwezi wa Februari 1989, na mwezi wa Aprili 2016 likatengenezwa la milioni moja. Wingi huo ni faida kwa mnunuzi, kwa sababu spea zake zapatikana na maradhi yake yamekwisha kujulikana. Injini iko mbele, nguvu huenda magurudumu ya nyuma, na chuma chake ni chepesi: la kizazi cha nne lenye injini ya lita 1.5 lina uzito wa kadiri ya tani moja tu.

Vizazi vyake ni vinne: cha 1989 hadi 1997, cha 1998 hadi 2005, cha 2005 hadi 2015, na kile kilichoanza 2015. Injini za vizazi viwili vya kwanza zina mkanda wa taiming wa mpira, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Za vizazi viwili vya baadaye zina mnyororo. Jambo jingine ni sheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi hayaruhusiwi kuingizwa Uganda, na jirani zetu wa Kenya wameweka kikomo cha miaka 8. Basi gari la kizazi cha kwanza au cha pili litakalouzwa kwako limekwisha kukaa humu nchini siku nyingi, na mashimo ya barabara zetu limeyaonja. Likague kwa jicho hilo.

Yako na mengine. Toyota MR-S, lililotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2007, lina injini nyuma ya viti, lakini nafasi yake ya mizigo ni finyu mno. Honda S2000 ni hodari, ila linapendwa na wakimbiza magari, na mengi yametumiwa kwa ukali. Daihatsu Copen la kwanza, lenye injini ya sentimita za ujazo 659, halili petroli nyingi, lakini ni dogo kwa mtu mrefu.

Adui mkubwa ni maji

Wanunuzi wengi hufungua boneti, wakasikiliza injini, wakaridhika. Katika Roadster, injini si tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza ni kutu, na kutu hiyo huanzia kwenye paa.

Mvua inayoshuka kwenye turubai hukusanywa nyuma ya viti, ikatoka kwa vitundu viwili, kimoja kila upande. Vumbi na majani yakiviziba, maji huingia chini ya zulia na ndani ya mihimili iliyo chini ya milango. Chuma huoza kutoka ndani, na kwa nje rangi ingali inameta. Hivyo, inua zulia nyuma ya viti. Gusa kama pana unyevu, na nusa. Pitisha mkono chini ya mlango, hasa karibu na gurudumu la nyuma. Ukikuta malengelenge ya rangi, jua kwamba ndani pamekwisha kuharibika. Omba ruhusa ya kumimina maji kidogo pembeni mwa paa lililofungwa, uone kama yanatoka chini upesi. Gari la kizazi cha pili, mwambie fundi alinyanyue akague pia mihimili ya chasisi ya mbele, mahali panapojulikana kwa kuoza.

Karatasi ya mnada

Ikiwa gari laagizwa kutoka Japani, dai karatasi ya mnada. Daraja la 4 ni zuri; la 3.5 lina uchakavu wa kawaida. Herufi R au RA maana yake limepata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni alama ya kunyoosha bati, S ni kutu, na C ni bati lililoliwa. Magari yaliyotumiwa kaskazini mwa Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, yakaguliwe mara mbili. Karatasi yaweza kughushiwa, kwa hiyo ihakikishe kwa namba ya chasisi kwa mtu asiyekuwa muuzaji. Ulizia pia kama gari liliitwa kiwandani kwa ajili ya mifuko ya hewa ya Takata, ambayo iliwekwa katika magari ya makampuni mengi, Mazda ikiwamo.

Lijaribu katika njia yako

Usilijaribu gari katika lami laini ya jirani ya duka. Lipeleke katika njia unayopita kila siku. Barabara ya kulipia ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, haitakuambia lolote. Matuta ya mtaani kwako yatakuambia. Tumbo la gari hili liko kama sentimita 14 tu kutoka ardhini. Likiwa limeshushwa springi ili lipendeze, liache. Kama njia ya kwako ni ya udongo na hujaa maji masika, liache pia, hata likiwa zima.

Liwashe likiwa baridi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Kanyaga klachi mara nyingi. Ikizama, oili ya klachi inavuja. Ingiza gia ya pili mapema, ikisaga, andika. Kaa ndani paa likiwa limefungwa na kofia yako ya kazi kichwani, kwa maana katika vizazi vitatu vya kwanza usukani hausogei mbele wala nyuma. Tia mkoba, buti za kazini na koti la mvua mahali pa mizigo, uone kama pafunga.

Tena kumbuka: turubai hukatwa kwa kisu. Sare, kitambulisho na kifaa chochote cha kazi kisiachwe ndani ya gari hili hata kwa dakika kumi.

Fedha ya baada ya kununua

Kosa la mwisho ni kuimaliza akiba yote siku ya kununua. Tenga kwanza fedha ya bima na ya oili zote, tairi nne, breki, na mkanda wa taiming kama unao. Tenga pia nauli ya siku gari litakapokuwa kwa fundi, kwa kuwa zamu haingoji spea. Kisha kinachobaki ndicho bei ya gari lako. Likizidi hapo, si lako bado.

Mtu aliyepitia hatua hizi, na nyumbani kwake wakakubaliana, ana haki ya kufungua paa asubuhi na kwenda kazini kwa furaha. Usione vyaelea, vimeundwa; nalo gari lidumulo limekaguliwa.