Kutengeneza kadre ya picha kwa mashine inayoongozwa na kompyuta



Baadhi ya wasimamizi wa vituo vya vijana huku Kivu wametuuliza kama mashine ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta inafaa kwa atelye ndogo ya maseremala. Badala ya kujibu ndiyo au hapana, nitaeleza kazi moja ambayo niliifanya mwenyewe na nikaikosea: kadre ya picha. Ni kitu kidogo, lakini mnajua uzito wake. Mama anayeleta picha ya mtoto wake aliyekufa vitani, iliyotolewa kwenye simu, hataki kuona kona za kadre zimeachana baada ya msimu mmoja.

Wazo la mashine hii si jipya. Mwaka 1952 chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyofuata maagizo ya utepe wa karatasi wenye matundu. Leo utepe umekuwa faili. Kisu kinachozunguka kinasogea kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Unachora kwenye kompyuta, kisha programu inageuza mchoro kuwa mistari ya maagizo: G0 ni kwenda haraka bila kukata, G1 ni kukata kwa mstari ulionyooka, M3 ni kuanza kuzungusha kisu. Mashine haikuulizi kama umepima vizuri.

Mimi sikupima vizuri. Picha ilikuwa ya mm 200 kwa 300, nami nikachora uwazi wa mm 200 kwa 300. Picha ikapita moja kwa moja ikaanguka upande wa pili, vijana wakacheka. Kadre ina vipimo vitatu. Kwa nyuma kuna kidato kinachobeba kioo, picha na kartoni. Hicho kiwe kikubwa kuliko picha kidogo, yaani mm 203 kwa 303. Kidato kikiwa na upana wa mm 6, uwazi unaoonekana mbele unakuwa mm 191 kwa 291. Ukitumia vipande vyenye upana wa mm 40, kadre nzima kwa nje ni mm 271 kwa 371. Andika namba hizi kwenye karatasi kabla ya kufungua kompyuta.

Kosa la pili nililiona kwa msaada wa mzee mmoja seremala. Nilitaka kukata kadre nzima kutoka ubao mmoja, kwa kuwa mashine inaweza. Mzee aliuangalia ubao, akanionyesha kwa kidole kwamba nyuzi zitafuata urefu katika pande mbili tu. Katika pande mbili nyingine zitakatiza, na hapo kadre itavunjika kama biskuti. Tena katikati ya ubao inakuwa taka. Kwa tripleksi inawezekana, kwa sababu matabaka yake yanapishana. Kwa libuyu au mbao nyingine halisi, kata vipande vinne, vyote vikilala kwa kufuata nyuzi.

Laza mbao uso ukiwa chini. Hivyo kidato na kona za digrii 45 vinakatwa bila kuugeuza ubao, maana kwa mashine kona hiyo ni mstari wa mshazari tu. Kisu cha mm 6 chenye makali mawili, kikizunguka mara 18,000 kwa dakika na kila ukingo ukila mm 0.05 za mbao, husogea mm 1,800 kwa dakika. Kikienda polepole mno kinasugua badala ya kukata, na mbao inaungua. Ubao wa mm 18 tunaukata kwa kushuka mm 3 kila safari, mara sita. Acha vidaraja vidogo vya kushikilia vipande, visije vikaruka.

Kadre ina mikato minane ya kona. Ukikosea nusu digrii katika kila mkato, kona ya mwisho inabaki wazi kwa digrii 4. Hapa mashine inamshinda msumeno wangu, nakiri. Lakini mbao mbichi inaharibu hesabu yote: ikikauka inapungua upana, si urefu, na kona zinafunguka upande wa ndani. Hakuna faili inayorekebisha jambo hilo.

Gundi peke yake haishiki vizuri kwenye ncha za nyuzi. Pasua mfereji mwembamba katika kila kona, ingiza kipande chembamba cha mbao chenye nyuzi zinazovuka kiungo, kisha funga kadre kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Pima kutoka kona hadi kona. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, kadre imenyooka.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine ndogo nyingi husahau zilipofikia. Sisi tulipigilia kizuizi mezani. Kona yake ndiyo sifuri yetu, na tunaanzia hapo tena. Vumbi nalo si mchezo: tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Barakoa na dirisha wazi ni lazima.

Sasa swali lenu. Kwa kadre kumi kwa mwezi, msumeno na kisanduku cha kukatia kona vinatosha, msitafute deni. Mashine inalipa pale kipimo kimoja kinaporudiwa mara nyingi, au jina linapochongwa kwenye mbao. Na mjadiliane pesa kabla haijafika. Kwetu wazee waliogopa kwamba vijana wa kompyuta watawanyang'anya mkate, na vijana waliona wazee wanalipwa kwa kutazama. Tuliketi siku mbili. Sasa malipo yanahesabiwa kwa kadre iliyokamilika, na yule aliyechagua mbao na kufunga kona anapata sawa na yule aliyechora.