MBEGU MOJA, MASHAMBA MAWILI

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Najua wengi wenu mkisikia neno soya mnakumbuka uji wa asubuhi, au kile kikombe cha soya cha saa nne ambacho hupigiwa foleni ndefu kama ya gari la moshi. Kwetu Butere soya ni karo. Soya ndiyo iliyoninunulia sanduku na godoro nilipokuja Kidato cha Kwanza. Tena soya ndiyo iliyonifanya nirudishwe nyumbani muhula wa tatu wa mwaka huo huo. Katika makala haya nataka kueleza jinsi mbegu ile ile inavyoweza kumtajirisha mmoja na kumliza mwingine, na kwa nini mbegu nzuri yaweza kufa mikononi mwa mwenyewe.

Kisa chenyewe kilianza mwaka 2023, nilipokuwa darasa la nane. Mama na wanawake wenzake wa chama walinunua mbegu ya soya iitwayo SB 19. Wataalamu huiita TGx 1740-2F. Ni mbegu inayokomaa mapema, kwetu miezi mitatu na siku kidogo. Mama alipanda mwezi wa Machi, na gorogoro tatu akampelekea Shangazi aliyeolewa Molo.

Mwezi wa Julai sisi tulikuwa tukivuna kwa nyimbo. Shangazi naye alipiga simu akiwa amejaa hasira. Soya yake ilikuwa bado kijani kibichi, fupi, na maua yamedondoka. "Mmenipa makapi!" akasema. Mama aliapa kwamba mbegu ilitoka gunia moja. Shangazi hakusadiki. Kuanzia siku hiyo simu zikakoma, na Krismasi ya mwaka huo hakuja kwetu. Nani alikuwa mkweli? Nilipofika shule hii nilimwuliza Mwalimu wa Kilimo swali hilo, kwani kuuliza si ujinga. Aliniambia, "Kijana, usiulize mbegu ni ya nani. Uliza imepandwa wapi." Tukaanza kuwakamata washukiwa mmoja mmoja.

Mshukiwa wa kwanza: urefu wa mchana

Soya ni mmea wenye saa mwilini mwake. Hupima urefu wa usiku, na usiku ukifika kiasi fulani ndipo hutoa maua. Jambo hili lilielezwa mwaka 1920 na wataalamu wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, W. W. Garner na H. A. Allard. Walipanda soya ya aina ya Biloxi kwa zamu, nyingine mapema na nyingine kwa kuchelewa. Ajabu ni kwamba ile ya mapema na ile ya kuchelewa zilichanua karibu wakati mmoja, mwezi wa Septemba. Kumbe mimea haikuwa ikihesabu siku tangu kupandwa, bali ilikuwa ikingoja mchana upungue!

Hii ndiyo sababu mbegu nyingi za nchi za kaskazini hazifai kwetu. Kule kaskazini mchana wa kiangazi hufika saa 15 na zaidi. Hapa kwetu karibu na ikweta mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima. Mbegu ya kule ikiletwa hapa hudhani msimu umekwisha, ikachanua ikiwa bado kitoto cha mmea, na maganda yake huwa ya kuhesabika. Wabrazili walihangaika na jambo hili hadi walipozalisha aina zinazovumilia mchana mfupi bila kuharakisha maua. Leo Brazili ndiyo inayoongoza duniani kwa uzalishaji wa soya.

Lakini hapo nikajikuna kichwa. Butere na Molo zote ziko jirani na ikweta, na mchana wake ni mmoja. Mshukiwa wa kwanza akaachiliwa huru.

Mshukiwa wa pili: baridi

Butere iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Molo iko karibu mita 2,500. Ukipanda mlima joto hupungua, na kila mita 1,000 hukupokonya nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Sasa soya ni mtoto wa jua. Joto likishuka kukaribia nyuzi 10 ukuaji wake husimama karibu kabisa, na usiku wa baridi unapofululiza wakati wa maua, maua hudondoka na maganda hayafungi. Hata yale yanayofunga huwa na punje ndogo. Siku 100 za Butere zaweza kuwa siku 150 na zaidi mahali pa baridi, na kabla hazijaisha mvua imekatika au ugonjwa umeingia.

Basi Shangazi hakudanganya, na Mama hakudanganya. Mbegu ilikuwa nzima, ila ilipelekwa ugenini bila blanketi! Molo ni nchi ya viazi, njegere na pareto. Soya haina kosa, na Molo haina kosa. Hazikuoana tu.

Mshukiwa wa tatu: udongo

Ng'ambo ya kijito, jirani yetu alipanda mbegu ile ile msimu ule ule. Baridi hakuna, mvua ni moja, lakini soya yake ilikuwa ya manjano na haikufika hata magotini. Hapa kosa lilikuwa chini ya miguu.

Udongo wa sehemu nyingi za Magharibi una asidi nyingi. Soya hupenda udongo wenye kipimo cha pH cha karibu 6 hadi 6.8. Asidi ikizidi, madini ya alumini huyeyuka na kuumiza mizizi, na fosforasi hufungwa isipatikane hata ukimwaga mbolea. Ni kama kuwa na pesa benki na kadi imepotea. Dawa yake ni chokaa ya shambani, inayochanganywa na udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda. Baba alikuwa ameweka chokaa shambani mwetu miaka miwili kabla. Jirani hakuweka.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha zaidi. Mizizi ya soya huwa na vinundu ambamo bakteria huishi. Bakteria hao huchukua naitrojeni iliyo hewani na kuipa soya chakula, nayo soya huwalipa kwa sukari. Ni biashara ya haki. Tatizo ni kwamba soya asili yake ni Mashariki ya Asia, na aina nyingi hazikubali bakteria yeyote tu. Zikipandwa mahali ambapo bakteria wao hawapo, hubaki na njaa. Ndipo wataalamu wa taasisi ya IITA huko Ibadan, Nigeria, walipozalisha aina za TGx, ambazo hushirikiana na bakteria walio tayari katika udongo wa Afrika. SB 19 ni ya ukoo huo. Hata hivyo si kila shamba lina bakteria wa kutosha, na mara nyingi kuipaka mbegu unga wa bakteria kabla ya kupanda huongeza mavuno.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Mmea unapoanza maua, uchimbe kwa jembe, usiung'oe. Osha mizizi, kisha pasua kinundu kwa wembe. Ukiona ndani rangi nyekundu au ya waridi, bakteria wanafanya kazi. Ukiona weupe au kijani, wamelala. Mwaka 2025 tulifanya hivyo katika kishamba cha shule. Upande uliotiwa chokaa na unga wa bakteria vinundu vilikuwa vyekundu na vimesongamana. Upande usiotiwa kitu tulipata vichache, na vingi vyeupe. Hakuna aliyehitaji kuambiwa upande upi ulikuwa na majani ya kijani zaidi.

Mvua na kutu

Soya huvumilia ukame kiasi ikiwa changa. Lakini mvua ikikatika wakati maganda yanajaa, punje husinyaa na mavuno huporomoka. Mvua ikizidi nayo, unyevu wa majani hukaribisha kutu. Ugonjwa huu uliripotiwa Uganda mwaka 1996 na ukawasumbua sana wakulima wa huko. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walijibu kwa kutoa mbegu ya Maksoy 1N mwaka 2004, inayohimili kutu. Waona basi, hata mbegu huzaliwa kutokana na shida za mahali.

Mbegu iliyokufa ikiwa nzima

Sasa nifike kwenye aibu yangu mwenyewe. Baada ya mavuno mazuri, Mama alipanda tena mwezi wa Septemba 2023. Mnakumbuka mvua za El Niño za mwisho wa mwaka ule. Soya ilikauka shambani, lakini mvua haikutupa nafasi ya kuvuna. Maganda yakalowa, yakakauka, yakalowa tena. Tulipovuna tulikuwa na haraka, tukaipura kwa rungu kwa nguvu zetu zote. Kabla ya kuja shule Januari 2024, Mama alinipa kazi ya kuhifadhi mbegu ya kupanda. Nilizitia katika mfuko wa nailoni, nikaufunga kabisa, nikauweka juu darini chini ya mabati. Nilidhani nimefanya uhodari.

Machi Mama akapanda. Niliporudi likizo ya Aprili nikakuta shamba lina mapengo kama kinywa cha kizee. Mmea mmoja hapa, mwingine kule. Hapakuwa na mavuno ya Julai, na ndiyo maana muhula wa tatu nilikaa nyumbani majuma mawili nikingoja karo. Mama aliilaumu mbegu, akasema SB 19 imechoka. Mimi nilinyamaza.

Mbegu kidogo zilizosalia nilizileta shuleni. Mwalimu alihesabu punje 100, akazikunja katika kitambaa chenye maji. Baada ya siku 7 zilikuwa zimeota 31. Kwa macho zilikuwa punje nzuri tu, za kuvutia. Mwalimu akanieleza kwamba mbegu ya soya ni laini kuliko ya mahindi. Ganda lake ni jembamba, na kiinitete kimekaa ukingoni, hivyo pigo la rungu laweza kukivunja bila wewe kuona ufa. Ndani yake mna mafuta kama asilimia 20, nayo huharibika upesi penye joto na unyevu. Kulowa na kukauka shambani huizeesha kabla hata haijavunwa. Kisha mimi nikaimalizia kwa nailoni na mabati!

Mtaalamu James Harrington aliacha kanuni rahisi: kila unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha yake ghalani huongezeka maradufu, na kila joto likipungua kwa nyuzi 5, huongezeka maradufu pia. Hii ina maana kwamba hata Molo, palipoinyima soya maganda, pangeihifadhi mbegu kavu vizuri kuliko dari letu. Kila mahali pana zawadi yake.

Nisisahau kusema kwamba hali ya mahali hugusa hata kilicho ndani ya punje. Kwa kawaida soya ina protini kama asilimia 40. Vinundu visipofanya kazi, protini hupungua. Joto la wastani wakati punje zinajaa mara nyingi huongeza mafuta, na mafuta yakipanda protini hushuka. Kwa hiyo uji unaokunywa una habari za shamba lilikotoka.

Tufanyeje basi?

1. Kabla ya kununua mbegu, uliza imewahi kupandwa kwenye mwinuko na mvua kama yako. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sifa za mdomoni hazitoshi.
2. Jaribu kwanza mistari michache kabla ya kupanda shamba zima.
3. Pima udongo. Ukiwa na asidi, weka chokaa mapema.
4. Panga siku ya kupanda ili soya ikomae mvua ikiwa imepungua. Maganda yakikauka, vuna mara moja.
5. Pura kwa upole. Kausha juu ya turubai, si ardhini.
6. Mbegu ya kupanda iwe kavu, unyevu usizidi asilimia 12, na ikae mahali baridi pasipo jua.
7. Hesabu punje 100 na uziotesha kabla ya kupanda. Zikiota chini ya 80, ongeza mbegu au tafuta nyingine.

Likizo ya Aprili 2025 nilimweleza Mama yote, pamoja na habari ya nailoni. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Kumbe ni wewe?" Akacheka, nami nikapumua. Jioni hiyo hiyo nilichukua simu yake nikampigia Shangazi, nikamweleza habari ya baridi na mwinuko. Alikaa kimya, halafu akaniambia, "Mwambie mama yako nimesikia." Juma lililofuata gunia la viazi likashuka kutoka matatu ya Molo. Sisi tukampelekea unga wa soya. Mbegu hatukumpelekea tena.

Mchagua jembe si mkulima, lakini mpenzi msomaji, nimejifunza kwamba asiyechagua mbegu kulingana na shamba lake naye hafiki mbali. Kwaherini, na Mungu akipenda tuonane toleo lijalo.