Difu ya Lori: Shimu Kwanza, Vipuri Baadaye

Difu ni mkusanyiko wa gia uliomo katikati ya ekseli ya nyuma ya lori, ndani ya lile tumbo la chuma linaloonekana baina ya magurudumu. Huugeuza mzunguko wa propela, shafti ndefu inayotoka kwenye gia boksi, uelekee magurudumuni, hupunguza kasi ili nguvu ya kuvuta iongezeke, na huyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti. Kazi hii ya mwisho ndiyo isiyoonekana kwa urahisi. Lori ambalo magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana kwa mita 1.8 likizunguka duara zima, gurudumu la nje hutembea takriban mita 11 zaidi ya la ndani. Bila difu, tairi moja lingeburuzwa umbali wote huo.

Pinioni, gia ndogo inayopokea mzunguko wa propela, husukuma krauni, gia kubwa ya duara. Krauni imefungwa kwa boliti kwenye kasha lenye spaida, yaani gia ndogo zinazogawa mzunguko kwa shafti mbili za magurudumu. Gari likienda moja kwa moja, spaida hutulia kwenye pini zake. Kwenye kona huzunguka kidogo tu.

Tabia hiyo ya kuyaacha magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti ndiyo inayoleta taabu katika maeneo kama Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora. Zamani za misafara, mizigo ilivuka nchi hii ya Unyamwezi mabegani mwa wapagazi kati ya Bagamoyo na Ujiji. Reli iliingia Tabora mwaka 1912. Leo tumbaku, asali na karanga hutolewa vijijini kwa malori, na njia nyingi huko ni mchanga au udongo mweusi wa mbuga. Mvua zikianza Novemba, gurudumu moja huzama penye utelezi huku la pili likiwa pakavu. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo gurudumu lililo pakavu halipati zaidi ya kile kinachoweza kupokewa na lile linaloteleza. Dereva akizidi kukanyaga mafuta, lile la tope huzunguka mara mbili ya kasi ya krauni, la pili limesimama kabisa. Spaida huchemka kwenye pini na oili huisha katikati ya vyuma. Gurudumu likishika ardhi ngumu ghafla, jino linakatika.

Hapo wengi hukimbilia kununua difu nyingine, na mara nyingi nayo haidumu. Sababu ni kwamba uhai wa difu hautegemei ugumu wa chuma peke yake. Unategemea zaidi jinsi meno yanavyokutana, na hilo hupangwa kwa shimu, bati nyembamba za duara zinazopimwa kwa sehemu za milimita.

Kipimo cha kwanza ni kina cha pinioni, yaani imesogea kiasi gani kuelekea krauni. Kwenye difu nyingi za magari madogo shimu hukaa nyuma ya kichwa cha pinioni, na kuongeza shimu huisogeza karibu na krauni. Kwenye malori mengi pinioni ina nyumba yake inayofungwa kwa boliti, na shimu huwekwa chini ya ukingo wa nyumba hiyo. Huko kuongeza shimu huirudisha pinioni nyuma. Fundi aliyezoea aina moja akifungua nyingine bila kuliangalia hilo, atazidisha kosa akidhani analirekebisha.

Cha pili ni mkazo wa beringi za pinioni. Zikilegea, pinioni hutembea mbele na nyuma chini ya mzigo. Zikibanwa mno, zinaungua. Hupimwa kwa kuzungusha uzi kwenye flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa, na kuuvuta kwa mizani ya springi, kisha kusoma nguvu inayotosha kuigeuza pinioni taratibu.

Cha tatu ni uwazi baina ya meno, ambao hupatikana kwa kuisogeza krauni kushoto au kulia. Kwenye magari madogo mara nyingi ni kati ya milimita 0.13 na 0.20, malori huhitaji zaidi, kwa kadiri ya kitabu cha gari husika. Hupimwa kwa geji ya saa, na kuukadiria kwa kutikisa mkono ni kubahatisha.

Baada ya hapo meno yenyewe hutoa ushahidi. Meno machache ya krauni hupakwa rangi nzito, krauni huzuiwa kidogo kwa kipande cha mbao, na pinioni huzungushwa. Alama inayobaki inatakiwa iwe katikati ya jino. Ikikaa juu kwenye ncha, pinioni iko mbali. Ikizama kwenye shina, imeingia mno. Ikikimbilia mwisho wa nje wa jino, uwazi umezidi. Ikikimbilia wa ndani, umepungua. Kila badiliko la shimu hufuatwa na kupaka rangi upya, na kazi ya siku nzima kwenye difu moja si uvivu wa fundi.

Kanuni hiyo haijali ukubwa wa gari. Kwenye malori ya mchezo yanayoendeshwa kwa rimoti, wapenzi wake hung'oa gia za plastiki na kuweka za chuma, kisha huongeza shimu za milimita 0.1 au 0.2 mpaka meno yakutane bila kulegea na bila kukwama. Wanaoruka hatua hiyo husaga gia mpya ya chuma kama walivyosaga ya plastiki. Difu hizo hujazwa oili ya silikoni, na oili nzito zaidi huzuia gurudumu moja lisizunguke ovyo.

Kwa lori la mizigo, maboresho yenye maana ni mawili. La kwanza ni uwiano wa meno: krauni ya meno 41 na pinioni ya 6 hutoa 6.83, yenye mvuto mkubwa kuliko 37 kwa 9, ambayo ni 4.11, lakini kasi ya barabara kuu inapungua. Krauni na pinioni husuguliwa pamoja kiwandani, kwa hiyo hununuliwa zikiwa jozi. Kuchanganya za difu mbili ni kutupa fedha. La pili ni difu yenye loki, inayoyalazimisha magurudumu yote mawili kuzunguka pamoja. Loki hufungwa kabla ya kuingia topeni, magurudumu yakiwa hayajaanza kuteleza, na hufunguliwa mara gari linapofika penye ardhi ngumu. Kuchomelea spaida ili zisizunguke si mbadala wake: kwenye lami matairi yanalika na shafti zinakatika.

Difu iliyopangwa upya hujazwa oili ya gia ya daraja la GL-5, si oili ya injini, na oili hiyo hubadilishwa mapema baada ya safari za kwanza. Vumbi laini kwenye sumaku ya boliti ya kumwagia oili ni la kawaida. Vipande vya chuma vikionekana hapo, difu ifunguliwe kabla lori halijapakiwa tena.