Chungu Hukauka Kwanza

Sisi akina mama tumezoea kujitwisha mengi. Alfajiri ibada, Jumatano kikundi cha wanawake, Ijumaa mfungo, na bado twajiona hatujatosha. Usingizi ukitushika magotini, twaamka tukijilaumu. Watoto nao wanamwona mama anayemtumikia Mungu huku uso umekunjamana.

Tuwatazame wanawake wa Kikisi wa Ikombe, jirani na Matema, ambao vyungu vyao huuzwa Jumamosi katika soko la Lyulilo. Mfinyanzi akimaliza kuumba chungu, hakitii motoni saa ile ile. Hukiacha kikauke taratibu, naye akashika kazi nyingine. Kikichomwa kibichi, maji yaliyomo hugeuka mvuke na chungu hupasuka. Kule kukaa tu ni sehemu ya kazi.

Fundisho hili si geni ufukoni hapa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891. Martin Luther mwenyewe, alipokuwa mtawa, alifunga na kukesha kupita kiasi, lakini hakupata amani mpaka alipotambua kwamba neema hupewa, hainunuliwi.

Hatusemi tuache sala. Twasema sala si kodi. Mwezi huu, mama mpendwa, chagua jambo moja la kupunguza, ukamweleze mumeo na viongozi wa kikundi bila kuona haya. Omba kwa ufupi pamoja na watoto baada ya chakula cha jioni, kisha ulale. Hata tunapopumzika, tumo mikononi mwa Mfinyanzi wetu.