Video Inaonyesha Umbo, Haionyeshi Uzito

Kijana wa Masasi au Newala anayetaka kuanza mazoezi hana haja ya kusafiri hadi Mtwara mjini kutafuta jimu. Akiwa na bando, video ya nusu dakika humwonyesha namna ya kuchuchumaa na chuma mabegani au kukinyanyua kutoka chini. Wengi huonya kwamba video hizo zimejaa upotoshaji. Mimi naona hata iliyo sahihi kabisa ina hatari, kwa kuwa kutazama huongeza imani bila kuongeza uwezo. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Marekani, Michael Kardas na Ed O'Brien, walichapisha majaribio yanayoonyesha hivyo. Watu waliotazama video ya kurusha vishale mara 20 walijiamini kuliko waliotazama mara moja, lakini walipovirusha hawakuwazidi shabaha. Katika jaribio jingine, la vitu vya kurusha na kudaka hewani, imani hiyo ilishuka watazamaji walipovishika tu mkononi wakausikia uzito wake.

Ndivyo ilivyo kwa chuma. Jicho huona magoti na mgongo. Halioni pumzi iliyozuiwa, tumbo lililokazwa, wala nyayo zinavyokandamiza sakafu. Chuma kikisogea mbele ya mwili kwa sentimita chache tu, kilo hazibadiliki, lakini kazi ya mgongo wa chini huongezeka, na simu haimwambii mtu kwamba amekosea. Kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yalifuatwa mabondeni kwa vizazi vingi, msichana hakuanza na ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 kichwani. Alianza na chombo kidogo, mkubwa wake akimtazama na kumsahihisha. Video fupi imeondoa vyote viwili: ngazi za kupandia na jicho la mwingine. Tena kano hukomaa polepole kuliko misuli, hivyo anayejiona ana nguvu baada ya wiki chache anaweza kuwa bado hajawa tayari.

Wapo watakaouliza: wakufunzi wako wapi huku kwetu? Swali ni la haki, na kukaa bila mazoezi nako kunadhuru. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea na kulima vinahesabiwa. Anayepalilia mikorosho siku nzima ameshafika. Kwa karani au muuza duka, kutembea haraka na pushapu za ukutani vinatosha kuanzia, na hapo video haina madhara makubwa kwa sababu kosa lake ni dogo. Wengine husema wamejifunzia mtandaoni wakawa salama. Ila walioumia hawarekodi video.

Basi kabla ya kuongeza kilo, jirekodi mwenyewe kutoka ubavuni ukiwa na uzito mdogo, umwonyeshe mwalimu wa michezo aliye karibu. Maumivu yakishuka mguuni pamoja na ganzi, au mkojo ukiwa wa kahawia baada ya mazoezi makali, acha mara moja uende hospitali siku hiyo hiyo.